Jicho lililojificha ndani ya neno la Kinorwei "vindu"

Vindu ni dirisha. Kwa Mnorwei wa leo neno hilo halina mshono wowote: silabi mbili, unazitamka, unaendelea na shughuli zako. Lakini ni neno ambatano. Kwa Kinorse cha Kale, lugha ya Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia, lilikuwa vindauga, yaani vindr (upepo) na auga (jicho). Jicho la upepo.

Habari hii imezagaa mitandaoni, mara nyingi kwa sentensi moja chini ya picha ya nyumba ya kale, na huwa inaishia hapo. Ni kweli, ila etimolojia, yaani maelezo ya asili ya neno, isiyo na ushahidi haina tofauti na ngano. Raha yenyewe iko kwenye ushahidi: jinsi jicho lilivyofutika sikioni mwa Wanorwei na bado likaacha alama ambazo hata mwanafunzi wa mwezi wa tatu anaweza kuziona.

Anza mkiani

Kiswahili hutanguliza kichwa. Batamzinga kimaneno ni aina ya bata, mwanajeshi ni mtu wa jeshi. Kinachoelezwa kinatangulia, maelezo yanafuata. Kinorwei hufanya kinyume. Neno kuu hukaa mwisho, na yote yaliyo mbele yake ni maelezo. Barnebarn ni mjukuu, mtoto wa mtoto. Husdør, kutokana na hus (nyumba) na dør (mlango), ni mlango wa nyumba. Ukigeuza ukaandika dørhus, sasa unazungumzia nyumba. Wasemaji wa Kiswahili wanaojifunza Kinorwei, wakiwemo wengi waliotoka Kongo, hukwama hapa mwanzoni kwa sababu macho yao yamezoea kutafuta kichwa upande wa kushoto.

Kwa hiyo neno ambatano hupimwa kuanzia mkiani, na kipimo cha kwanza ni ngeli. Nomino za Kinorwei zina ngeli tatu, zinazojulikana kwa vibainishi en, ei na et. Neno ambatano hurithi ngeli ya sehemu yake ya mwisho, si ya kwanza. Sasa tazama: upepo ni en vind. Jicho ni et øye. Dirisha ni et vindu. Kama vindu lingekuwa tu neno vind lililoongezewa kijimkia, tungetarajia en. Hiyo et imetoka kwa auga, ambalo lilikuwa ngeli hiyohiyo miaka elfu moja iliyopita. Sauti ya jicho imekwisha, ngeli yake imebaki.

Kipimo hiki kina nguvu hata pale kinapokanusha. Armbrøst ni upinde wa kufyatulia, ule wenye kitako kama bunduki. Ukiusoma unaona arm (mkono) na kitu kinachofanana na bryst (kifua), na maelezo yanajileta yenyewe: silaha ya kuegemeza kifuani. Lakini kifua ni et bryst, na silaha ni en armbrøst. Ngeli hazikubaliani, na hilo lingetosha kukutia shaka. Kweli neno limetoka kwenye Kilatini arcuballista, upinde na mtambo wa kurushia, likapitia Kijerumani cha Chini, lugha ya Ujerumani ya kaskazini, na njiani watu wakaligeuza lifanane na maneno waliyoyajua.

Kuna mahali kipimo kinashindwa kabisa. Frokost ni kifungua kinywa. Sehemu ya mwisho, kost, ina maana mbili za Kinorwei ambazo hazihusiani: chakula, na ufagio. Zote mbili ni en kost, kwa hiyo ngeli haikusaidii hata kidogo. Hapo inabidi ufuate njia ya neno lenyewe: limekuja na Kijerumani cha Chini, vrokost, chakula cha mapema. Hakuna ufagio. Maneno ya namna hii ni mengi katika Kinorwei kwa sababu wafanyabiashara wa Hansa, muungano wa miji ya biashara ya Ujerumani ya kaskazini, walikuwa na kituo chao Bergen kuanzia karne ya 14, na lugha yao ikaingia sokoni, kwenye mafundi, hadi mezani.

Jinsi jicho lilivyofifia

Kinorse kilikuwa na sauti pacha "au", yaani irabu mbili zinazotamkwa pamoja. Upande wa Denmark sauti hiyo ilibanwa ikawa ø, hivyo auga likawa øghe, na leo kwa Kidenishi ni øje. Lakini hayo yalitokea neno liliposimama peke yake, likiwa na mkazo wake. Ndani ya neno ambatano mkazo mkuu huangukia sehemu ya kwanza, na sehemu ya pili hubaki ikivutwa kama tela. Sauti zisizo na mkazo huchakaa haraka. Kwa hiyo ndani ya dirisha jicho halikufuata njia ya jicho la usoni: Kidenishi cha Kale kina windughæ, baadaye vindue. Norwei ilitawaliwa pamoja na Denmark hadi 1814, na maandishi yake yalikuwa Kidenishi. Bokmål, aina ya Kinorwei inayoandikwa na wengi leo, ilitokana na maandishi hayo, ikadondosha hata ile e ya mwisho. Likabaki vindu.

Ajabu ni kwamba upepo nao umejificha, ingawa herufi zake zote nne zipo. Neno vind peke yake hutamkwa bila d, kama vinn. Katika vindu d inasikika waziwazi. Ukisikiliza bila kuangalia maandishi, upepo na dirisha havishiriki sauti kiasi unachodhani. Na wingi nao umekata kamba ya mwisho: jicho moja øye, macho øyne, dirisha moja vindu, madirisha vinduer. Kama wasemaji wangekuwa bado wanasikia jicho mle ndani, wangelipa wingi wa jicho.

Nenda upande wa pili wa lugha hiyohiyo na jicho lipo wazi. Ivar Aasen (1813–1896) alizunguka vijijini akikusanya lahaja, na juu ya lahaja hizo akajenga lugha ya maandishi ambayo leo inaitwa Nynorsk. Ndani ya Nynorsk jicho ni auge na dirisha ni vindauge. Mtoto anayesoma shule ya Nynorsk hahitaji kamusi ya etimolojia, anaona sehemu zote mbili ubaoni. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa anayechambua neno lolote la Bokmål ni kulitafuta kwanza katika Nynorsk. Tovuti ya ordbøkene.no huonyesha kamusi za aina zote mbili kwa pamoja, bure, na asili ya neno huwekwa chini ya kichwa Opphav. Ukikuta pale neno norrønt, maana yake ni Kinorse, na sehemu za neno huenda zikapatikana ndani ya lugha yenyewe. Ukikuta lavtysk, yaani Kijerumani cha Chini, acha kutafuta mzizi wa Kiviking. Geukia wafanyabiashara wa Bergen.

Mashahidi wengine wako ng'ambo ya bahari. Waviking waliuteka mji wa York mwaka 866, wakakaa mashariki mwa Uingereza vizazi kadhaa. Katika karne ya 13 Kiingereza kinaandika windoge na windohe, na g ile ya auga bado ipo kabla haijayeyuka na kuwa window. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa na maneno yao, eagþyrel (tundu la jicho) na eagduru (mlango wa jicho), yote yakafa mbele ya neno la wageni. Ireland, ambako Waviking waliweka kambi Dublin mwaka 841, dirisha ni fuinneog. Ile f ya mbele usiihangaikie: lugha ya Waayalandi huondoa na kurudisha f mwanzoni mwa neno kwa kanuni za sarufi. Kigaeli cha Uskoti hakina f hiyo, kinasema uinneag. Lugha tatu zilizokopa kutoka chanzo kimoja, kila moja ikachakaza kwa namna yake, zinakuwezesha kulijenga upya neno la kale hata kama maandishi yote ya Kinorse yangeungua.

Nyumba iliyolizaa

Kwa nini upepo, na si mwanga? Sisi tunafikiria dirisha kama kioo. Wao hawakuwa na kioo ukutani. Nyumba ya shamba ya Norwei ya zamani, årestue, ilikuwa na jiko la wazi katikati ya sakafu, bila dohani. Moshi ulipanda na kutokea tundu la paani, ljore, na mwanga wa mchana ulishukia humohumo. Jina ljore lina undugu na ljós, mwanga. Kwa hiyo mwanga ulikuwa tayari na tundu lake na jina lake. Tundu la ukutani lilikuwa kitu kingine: dogo, mara nyingi juu, la hewa na la kuchungulia. Makanisa ya mbao ya karne ya 12 yanalionyesha vizuri. Juu ya kuta, karibu na paa, kuna vitundu vya mviringo visivyozidi upana wa sahani, na ukisimama ndani gizani ukaviangalia, hutauliza tena kwa nini viliitwa macho.

Ljore yenyewe ilikuwa na kifuniko: fremu ya mbao iliyowambwa utando wa mnyama, kama wa kibofu au tumbo, uliokaushwa ukapitisha mwanga wa manjano. Kifuniko hicho kiliitwa skjå, na kilisukumwa kwa mti mrefu kutoka chini. Kukiendesha kulihitaji ujuzi. Ukikifunga wakati moto bado unatoa moshi, moshi unashuka hadi usawa wa vichwa vya walioketi. Ukikifungua wakati upepo unatoka upande mbaya, moshi unapigwa kurudi ndani. Kwa hiyo huwashwa moto kifuniko kikiwa wazi, husubiriwa hadi kuni ziwe makaa, ndipo hufunikwa ili joto libaki. Nyumba za namna hii ziliendelea kutumika magharibi mwa nchi hadi karne ya 19.

Na kuna sababu ya kiseremala iliyofanya tundu la ukutani libaki dogo. Nyumba hizi zilijengwa kwa magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine na kufumwa pembeni. Ukikata tundu kubwa katikati ya ukuta, magogo uliyoyakata yanapoteza mshiko wa upande mmoja na kuanza kucheza. Dawa yake ni mwimo wa kusimama, beitski, unaoingia kwenye mfereji uliochongwa katika vichwa vya magogo na kuyashika yasiyumbe huku yakiruhusiwa kushuka. Maana yanashuka: gogo likikauka linanywea, na ukuta mzima unapungua kimo kwa sentimita kadhaa katika miaka ya mwanzo. Fundi asipoacha nafasi juu ya fremu, na kuijaza kitu laini kama vimea laini vya msituni (mose) au sufu ya kondoo, uzito wa ukuta unakalia dirisha. Zamani ulipinda mbao. Kioo kilipokuja, ulikivunja.

Kioo cha madirisha kilichelewa kufika mashambani. Kiwanda cha kwanza cha kioo cha Norwei, Nøstetangen, kilianzishwa 1741, na Hadeland kikafuata 1762. Kioo cha dirisha cha enzi hizo mara nyingi kilipatikana kwa kupuliza puto, kulifungua na kulizungusha kwa kasi hadi litanuke kuwa sahani bapa. Katikati ya sahani hubaki kitovu kinene, kwa hiyo vipande vizuri hukatwa kandokando, na haviwezi kuwa vikubwa. Ndipo dirisha likagawanywa kwa fito nyembamba, sprosser, na kila kipande cha kioo kikaitwa rute. Maneno hayo mawili ni ya Kijerumani. Kioo kilikuja na msamiati wake, jina la tundu likabaki la wenyeji, ingawa kuanzia siku ile upepo ulizuiwa nje. Katika lahaja kadhaa watu walilitupa kabisa neno la kale, wakaliita dirisha glas. Waswidi nao walichukua fönster, ambalo mwisho wake ni Kilatini fenestra.

Macho ya wengine

Hapa ndipo wapenda etimolojia hupotea njia. Kirusi kina okno, dirisha, kutokana na oko, jicho. Kisanskriti kina gavākṣa, dirisha la mviringo, jicho la ng'ombe. Kigothi cha karne ya 4, ndugu wa kale wa Kinorse, kina augadauro, mlango wa jicho. Ndilo neno lililotumika katika Wakorintho wa Pili, Paulo anaposimulia alivyoshushwa ukutani ndani ya kapu. Ukiyapanga pamoja unashawishika kusema yote ni neno moja lililotawanyika. Si hivyo. Mizizi ya jicho ni ndugu, kwa kuwa lugha hizo zote ni za familia ya Kihindi-Kiulaya, lakini maneno ya dirisha yaliundwa kila moja kwa wakati wake. Tundu ukutani linafanana na jicho, na watu wana macho, haihitaji kukopa. Kiswahili nacho huita chemchemi jicho la maji, na Mwarabu huita chemchemi jicho.

Kukopa kunathibitishwa na sauti zinazolingana hatua kwa hatua, kama windoge na vindauga. Kufanana kwa maana peke yake hakutoshi. Mabaharia wa Norwei huliita dirisha la duara la meli kuøye, jicho la ng'ombe, sawasawa na Kisanskriti, na hakuna aliyesafiri kati ya lugha hizo mbili kulibeba. Na Waajemi, walioko katika familia hiyohiyo, hawakuona jicho kabisa. Waliona mlango mdogo: dar ni mlango, na darīche ni kilango. Ndilo lililovuka Bahari ya Hindi likawa dirisha letu.

Mishono mingine, na ile s

Ukishalizoea vindu, utawaona ndugu zake. Fjøs ni zizi la ndani la ng'ombe, silabi moja tu, lakini ni fé (mifugo, na pia mali) na hús (nyumba), iliyobanwa hadi h ikapotea. Bryllup, harusi, ni brúðhlaup: bibi harusi na mbio, kwa ajili ya msafara wa kumpeleka kwa mumewe. Lørdag, Jumamosi, ni laugardagr, siku ya kuoga, na ile r katikati ni mabaki ya kimilikishi laugar, "ya kuoga". Ninalolipenda zaidi ni Olsok, sikukuu ya tarehe 29 Julai, siku aliyouawa mfalme Olav Haraldsson huko Stiklestad mwaka 1030. Ni Ólafsvaka, mkesha wa Olav. Tazama mshono ulipohamia: s ilikuwa mali ya Olav, imehama ikashikamana na mkesha, na sasa vaka linaonekana kama sok, kitu ambacho hakijawahi kuwapo. Jonsok ya tarehe 24 Juni ni hivyohivyo, kwa Yohana. Ukikata neno la zamani pale sikio linapokuambia ukate, mara nyingi utakata pasipo.

Maneno mapya ni mepesi zaidi, na hapo s inageuka msaada mkubwa. Kati ya sehemu mbili Kinorwei huweka ama hakuna kitu (husdør), ama e (barnehage, chekechea), ama s (vindusrute). Ile e ya barne- ni kivuli cha wingi wa zamani, "ya watoto". Ile s ilianza kama umilikishi, sasa ni gundi tu. Huwekwa karibu daima baada ya viishio -het, -skap na -sjon. Pia hupenda kutokea pale sehemu ya kwanza ikiwa yenyewe tayari ni ambatano. Bilauri ya mvinyo ni vinglass, bila s. Bilauri ya mvinyo mwekundu ni rødvinsglass, yenye s. S inakuambia mshono mkuu uko wapi: rødvin kwanza zimeshikana, ndipo glass ikaja. Si bilauri nyekundu ya mvinyo.

Kwa hiyo ukikutana na jitu kama arbeidsledighetstrygd, usilisome kutoka kushoto. Kata mwisho: trygd, bima ya jamii. Kabla yake s, baada ya -het, kwa hiyo hapo ndipo mshono mkuu. Kinachobaki ni arbeidsledighet, hali ya kukosa kazi: arbeid (kazi), s, ledig (huru, wazi), het (hali). Mafao ya ukosefu wa kazi. Ofisini siku hizi utaona zaidi dagpenger, pesa za siku, na hilo halihitaji kisu.

Ukiandika mwenyewe, usiache nafasi katikati. Kosa hilo linaitwa særskriving, na linabadilisha maana. Lammelår ni paja la mwanakondoo. Lamme lår ni mapaja yaliyopooza. Røykfritt mlangoni maana yake hakuna kuvuta sigara, na røyk fritt ni ruhusa ya kuvuta upendavyo. Kompyuta na simu huzidisha tatizo, maana kikagua tahajia kikikutana na neno refu kisilolijua hulipigia mstari mwekundu, na mwandishi hulikata vipande viwili ili mstari uondoke. Uache. Kinorwei huunda maneno mapya kila siku, na kamusi ya simu haiwezi kuyafikia yote.